Ndago Mlangoni kwa Mama

Kambini, 4 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimerudi kazini salama, na salamu ziishie hapo maana nina jambo linaniuma tangu nipande lori.

Mbele ya Mama nilijikaza, sikusema. Sasa nasema. Ule ni uwanja au ni pori? Tangu nipate akili, uwanja wa Mama ulikuwa ukiangusha sindano unaiona. Safari hii nimefika nakuta ndago zimetanda mpaka kwenye kizingiti. Zimeingia kwenye tuta la vitunguu, zimezunguka tangi la maji, zimetoboa hata saruji ya kibarazani. Na hicho kituko cha vitunguu! Vimekatwa katikati na jembe, na ndago zimesimama wima pembeni zinavicheka. Nani analima hivyo, mlevi?

Mama alijikwaa mbele yangu. Akasema kandambili imechakaa. Kandambili ilikuwa mpya, niliinunua mimi.

Wewe ndiye unayekaa naye. Mimi huku nachomelea vyuma vya daraja kwenye jua, nikiamini nyumbani kuna mtu. Au nimekosea?

Mdogo wako,
Kitinda Mimba

*

Nyumbani, 15 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgeni wa siku tatu ndiye mwenye macho makali, hilo nalijua.

Nikuelimishe kidogo kuhusu ndago, kwa kuwa umezisahau. Ukizikata leo, kesho asubuhi zimechungulia tena. Ukizing'oa, jani linakuja mkononi na kile kinundu kinabaki chini, na kutoka kwenye kinundu kuna uzi mwembamba unaokwenda kwa kinundu kingine, na kingine, kama watu wa ukoo mmoja wanaofichana siri. Ukipiga jembe kwa hasira unakata uzi, na kila kipande kinakuwa baba wa familia. Nimechimba. Nimefunika turubai. Nimechekecha udongo kwa chekecheke la Mama la unga, akaninunia wiki nzima.

Na nafanya hayo baada ya kufua mashuka ya nyumba ya wageni kutwa, mgongo ukiwa kama mtu kanipitishia pasi.

Kuhusu vitunguu, nilikata mimi. Nilikuwa na usingizi. Usimwulize Mama habari za vitunguu, na habari za kandambili pia usimwulize. Nakuomba kama mkubwa wako.

Dada yako

*

Kambini, 27 Februari

Dada,

Usingizi! Haya, tuyaache.

Nimepata dawa ya ndago. Huku wanainyunyizia kando ya barabara. Nyasi inalala jioni, haiamki tena. Nimemwomba mtunza stoo, na sikumwomba kwa karatasi, unanielewa. Sikuwa na chombo, kwa hiyo nimeitia kwenye chupa ya mafuta ya kupikia. Usishangae ukiiona nzito na ya njano.

Sikiliza vizuri. Changanya kizibo kimoja kwa ndoo ya maji. Vaa glavu, funga kitambaa puani, simama upande upepo unakotoka. Ukimaliza, nawa mpaka viwiko. Iliyobaki ifukie mbali na maji.

Usimwambie Mama. Atasema naua udongo wake, na tutabishana mpaka mwakani. Ifanye siku akienda kwa watu.

Namkabidhi Taratibu, yule dereva wa lori la mahitaji. Jina lake ndilo mwendo wake, lakini mzigo haujawahi kumpotea. Nimemwambia akupe mkononi.

Mdogo wako,
Kitinda Mimba

*

Nyumbani, 2 Machi

Mwanangu kitinda mimba,

Naandikiwa na jirani yetu Kinyozi kwa sababu mkono wangu unauma. Andika hivyo, Kinyozi. Mkono. Usinitazame hivyo, andika.

Sijambo. Nasikia umemgombeza dada yako. Hakuniambia, ila siku ile barua ilipokuja alisoma kimya, kisha akaosha sufuria kwa kishindo kana kwamba zimemtukana. Muache dada yako. Ndago zilikuwepo kabla sijaolewa hapa. Marehemu baba yako alizichoma moto, zikarudi zimenenepa. Mimi nilikuwa nazifuata moja moja kila alfajiri, ndiyo maana hukuziona ulipokuwa mdogo. Sasa nimepumzika kidogo. Mtu akipumzika nongwa?

Na lile wazo lako ulilolitoa ulipokuja, la kunipeleka kwenye ghorofa la kaka yako mkubwa, nikae juu kama njiwa, lifute. Hapa najua kila kitu kilipo. Jikoni kwangu hata umeme ukikatika napika.

Mwisho wa Mama. Funga barua, Kinyozi.

*Hapa anayesema ni mimi Kinyozi, na haya sitamsomea. Mama yako haoni. Si mkono, ni macho. Mwaka sasa yanafifia, na tangu mvua za vuli amebakiwa na mwanga na kivuli tu. Vitunguu alivikata yeye. Dada yako kaapishwa asikwambie, ila mimi hakuniapisha, alisahau. Tunaambiwa mficha maradhi kifo humuumbua. Anapika kwa kupapasa: chumvi kopo la kushoto, mafuta chupa ya kulia. Nimenyoa vichwa vya mtaa huu maisha yangu yote, najua mtu anapoficha upara. Njoo.*

*

Kambini, 8 Machi

Dada, Dada, Dada,

Usisome mbele ya Mama. Barua ya Mama imefika leo, na Kinyozi ameongeza maneno yake chini. Kwa nini hukuniambia? Siulizi kwa ugomvi, nauliza kwa sababu nimetuma sumu nyumbani ndani ya chupa ya mafuta.

Taratibu akiwa bado hajafika, msubiri barabarani. Kama amefika, chukua ile chupa sasa hivi, weka barua hii chini uende. Iko wapi? Nani aliipokea? Usiiweke jikoni hata kwa dakika moja.

Kuna jambo nililijua nikalinyamazia. Kijana wa stoo aliosha bomba la kunyunyizia bila glavu, akala mkate. Alitapika mpaka akabebwa. Yupo, amepona, ila sauti yake imekuwa kama ya mtu anayeburuta mawe. Nililijua hilo kabla sijakutumia. Nikajisemea, Dada ana akili, atavaa glavu.

Simu huku haishiki, unajua. Nimemwomba Msimamizi ruhusa, amesema mvua zimezidi na hakuna wa kushika kazi yangu. Barua hii inaondoka na lori la maji. Ikikawia, nakuja kwa miguu.

Kitinda

*

Nyumbani, 9 Machi

Mdogo wangu,

Leo nakuandikia kwa moyo mweupe. Nilikuwa nimekuchukia kidogo, sasa yamekwisha.

Taratibu alipita juzi nikiwa kazini. Niliporudi nilimkuta Mama amekaa mlangoni, uso unang'aa. "Mwanao kanitumia mafuta," kanitania hivyo, maana tukikugombania huwa anasema wewe ni mwanangu mimi, si wake. Nikamwuliza, mafuta gani? Akasema, mafuta mazito ya kule mbali, yana harufu ya kigeni, chupa nzima, Taratibu kamwekea mkononi mwenyewe. Nikaomba niyaone, akakataa katakata. Kayafungia ndani ya sanduku lake la nguo na ufunguo kaufunga kwenye pindo la khanga. "Haya hayaguswi," anasema. "Mpaka mwenyewe aje, nimkaangie nayo."

Ila kwa roho yake ilivyo, alikwishamimina nusu kwenye chupa nyingine akampelekea Kinyozi. Hakumkuta, akaiacha mlangoni kwake. Anasema ni shukrani kwa kumwandikia barua. Kinyozi kamkubalia kwa kupiga kelele juu ya ua: "Ahsante, mama! Kesho nakaanga mayai mpaka mtaa usikie!"

Lakini mbona hukuniandikia hata mstari mmoja? Taratibu hajaacha barua. Au ilikuwepo na Mama kaiweka? Nitamwuliza.

Ndago bado. Nimefunika upande wa tangi kwa zulia kuukuu. Zisipoona jua huenda zikachoka.

Dada yako

*

Nyumbani, 12 Machi

Kinyozi yuko hospitali.

Nimeikuta barua yako ya tarehe 27 chini ya mto wa Mama. Alikuwa ameificha mpaka Kinyozi apate nafasi ya kumsomea, akihofu ni ya kumhamisha. Nimeisoma nimesimama. "Usishangae ukiiona nzito na ya njano." Ulitia sumu kwenye chupa ya mafuta! Wewe, mtu mzima!

Nikuambie ilivyokuwa. Asubuhi ile nilikuwa naanika nguo. Nikaona moshi mweupe kwenye dirisha la Kinyozi, nikasikia kikaango kinatema. Nikacheka, nikajua mayai yanaungua. Yeye miaka yote anavuta ugoro, pua yake hainusi hata samaki aliyeoza. Kisha nikasikia anakohoa, kikohozi ambacho si cha mtu. Niliruka ua. Alikuwa amepiga magoti, ameshika shingo, mdomo umebabuka. Kwenye sahani matonge mawili yameliwa. Ananionesha chupa kwa kidole, hawezi kusema.

Mama alikuwa anauliza toka upande wa pili, "Nini? Kuna nini? Niambieni!" Akauvuka ua mwenyewe kwa kupapasa, akaishika ile chupa pale mezani, akaitambua kwa mkono. Hakulia. Alikaa chini palepale sakafuni.

Ya kwake iliyobaki nimewapa watu wa afya, wamekuja na glavu na ndoo ya mchanga. Ni nusu ileile aliyoifungia, haijaguswa. Angekuwa na haraka ya kuonja zawadi yako, ningekuwa naandika barua nyingine.

Nami nina langu. Nilikuficha macho ya Mama. Ningekwambia, usingetuma. Nalijua hilo, huna haja ya kuniandikia.

Madaktari hawasemi kama atapona.

Dada yako

*

Darajani, 15 Machi

Dada,

Niliondoka kambini bila ruhusa. Nimefika mtoni, na daraja la zamani halipo. Maji yamelichukua lote, zimebaki nguzo mbili tu. Lori la maji lilikwama hapahapa, na dereva akanirudishia barua yangu ya tarehe nane. Ilikaa siku zote hizo kwenye kisanduku chake ikisubiri mto upungue.

Leo asubuhi lori la Taratibu likaonekana ng'ambo. Akanitambua, akapiga honi. Nikampigia kelele: "Mama mzima?" Mto unanguruma, hasikii. Nikarudia mpaka koo likakauka. Akaweka mikono mdomoni: "Mama mzima! Kinyozi!" Kisha akatikisa kichwa. Dada, alitikisa kichwa tu. Sikujua maana yake ni nini.

Akazifunga barua zako mbili kwenye spana yenye kamba, akairusha. Mara ya kwanza ilipiga jiwe ikaangukia majini, akaivuta kwa kamba. Mara ya pili ikafika. Nimezisoma zimelowa.

Nilitaka kuingia mtoni. Wenye malori wamenishika, mmoja amenikalia kabisa. Wanasema mto utachukua wiki nyingi kushuka, na njia nyingine hakuna.

Narudi kambini. Nitamweleza Msimamizi kila kitu, kwamba dawa niliichukua mimi na jinsi nilivyoitia kwenye chupa. Narusha hii pamoja na ile ya tarehe nane, ili ujue nilijaribu. Haisaidii kitu, najua.

Niandikie kama yu hai. Hata neno moja.

Kitinda

*

Nyumbani, 6 Aprili

Mdogo wangu,

Yu hai.

Ningekuandikia mapema, ila kila nikishika kalamu hali ilibadilika. Wiki ya kwanza walimlisha kwa mrija. Ya pili homa ikapanda, nikaanza kuuliza ndugu zake wako wapi. Sasa anameza uji na anakaa kitandani. Sauti haijarudi, ni mnong'ono na mluzi. Kinyozi asiye na soga, ndugu yangu, ni mkasi tu. Wateja wanakuja kumtazama, kisha wanaondoka wakijifuta macho.

Mama hakukosa siku hata moja. Nilimwongoza mpaka kwenye benchi la ukumbini, akakaa hapo kutwa, hataki chakula, hataki maneno. Muuguzi mmoja akawa anamwona anavyopapasa ukuta akienda msalani. Akamshika kidevu, akammulika kwa kurunzi, akamwambia, "Mama, huu si upofu, huyu ni mtoto wa jicho. Anaondolewa." Unajua Mama anavyoogopa hospitali tangu Baba aingie akatolewa amefunikwa. Nilingoja akatae. Akauliza tu, "Anaondolewa lini?" Akaongeza, "Kama nisingelionea haya jicho langu, yule angekuwa anasema."

Wamelifanyia kazi jicho moja kwanza. Siku ya kufunguliwa bandeji nilidhani atataka kuniona mimi, au kutazama nje. Akasema apelekwe wodini kwa Kinyozi. Akasimama pale kitandani akamtazama kwa muda mrefu, makovu ya mdomo, shingo, kila kitu. Kisha akasema, "Kumbe umezeeka namna hii! Na mimi nakujibu kijeuri kila siku kama kijana mwenzangu." Kinyozi alitaka kucheka, koo likamkataa, machozi yakamtoka. Mama akakaa, akamshika mkono. Nikatoka.

Nikimwuliza Mama nikuandikie nini kutoka kwake, anajibu neno moja: "Bado." Nilimwambia hata mimi nilikosa kwa kuficha. Akasema, "Wewe nilikuapisha. Yeye nani alimwapisha?" Nimejaribu kukutetea, nimeshindwa kujua nianzie wapi.

Ukitaka ushauri wangu, usimwandikie Mama. Mwandikie Kinyozi.

Dada yako

*

Kambini, 20 Aprili

Mzee Kinyozi,

Shikamoo.

Sijui niandike nini kwa mtu niliyemchoma koo. Nimeanza karatasi nyingi nikazichana, kwa sababu kila moja ilikuwa inaeleza: sikuwa na chombo, dereva alikosea, mto ulijaa. Yote ni kweli, na yote si kitu. Niliona mwenzangu akitapika kwa ile dawa, kisha nikaitia kwenye chupa ambayo mtu yeyote angeipeleka jikoni. Nilikuwa na hasira na majani, nikataka yafe upesi.

Wewe uliniandikia ukweli wakati watu wa nyumbani kwangu wananificha. Malipo yako yakawa haya.

Msimamizi ameniondoa kwenye kuchomelea. Nabeba kokoto mpaka mkataba uishe mwezi wa sita, na stoo imefungwa kufuli. Sina la kulalamika. Mto umeshuka, nikimaliza narudi nyumbani moja kwa moja.

Naomba unisamehe. Ukishindwa, naomba uniambie hivyo, nisikae nikikisia.

Mwanao wa jirani,
Kitinda Mimba

*

Nyumbani, 9 Mei

Kijana,

Marahaba. Nimeruhusiwa kutoka, niko kwangu. Daktari amenikataza ugoro, kwa hiyo sasa nanusa, na nimegundua mtaa wetu unanuka. Sauti imerudi nusu. Nikisema, watoto wanakimbia, wakubwa wanajifanya hawajasikia tofauti.

Umeniuliza swali la mtu mzima, nitakujibu kama mtu mzima. Watu wananishauri nikuandikie "hakuna neno, mwanangu." Neno lipo. Usiku nikimeza mate nakukumbuka, na sikukumbuki kwa wema. Mara nyingine nakumbuka pia ulivyokuwa mdogo, unakaa kwenye kiti changu, unalia kwa kuogopa mashine, nakupa kioo ukishike. Siku hizo mbili zinagombana ndani yangu na bado haijajulikana ipi itashinda. Nikikudanganya kwamba zimekwisha, tutarudi kwenye kufichana, na umeona kufichana kulivyotufanya.

Sasa habari za kazi. Ndago zenu zimevuka ua. Zimeingia kwangu mpaka chini ya dirisha la jikoni. Dada yako kapambana nazo kwa zulia, upande wa tangi zimeanza kufifia, lakini hapa mpakani zinahitaji mtu wa kukaa chini. Jembe halifai. Utachimba kwa uma, unalegeza udongo, unafuata uzi kwa vidole toka kinundu hadi kinundu, bila kuukata. Ukikatika unaanza upya. Vinundu vyote kwenye ndoo, na ndoo juani mpaka vikauke kabisa. Ni kazi ya miezi, si ya jioni moja.

Utaanzia upande wangu. Mimi nitakaa kwenye kiti na kukuonesha kwa kidole utakaporuka. Mama yako anasema atakaa upande wa pili, na kwa jicho lake moja jipya anaona kuliko sisi sote. Jana kaniambia kola yangu imegeuka. Nimemsomea barua yako. Hakusema "bado." Aliuliza mwezi wa sita unaanza siku gani.

Njoo na mikono mitupu. Usilete chupa yoyote, hata ya maji, maji yapo.

Na usinyolewe njiani.

Jirani yenu,
Kinyozi